Kabla hujanunua kisu cha singe: namna ya kukipima kama kitakufanyia kazi

Mwaka juzi mpwa wangu alinipigia simu usiku, furaha tupu. "Shikamoo mjomba. Nimepata kile kisu cha jeshi la Wamarekani, M9, bei ya kutupa!" Nikaitikia marahaba, nikamuuliza kitamfanyia kazi gani. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Za porini, mjomba."

Jumamosi iliyofuata tukaenda kulala porini, kusini mwa jimbo la Ohio tunakoishi. Jioni, akiwa kwenye gogo la pili la mwaloni, mpini ukabaki mkononi mwake na bapa likabaki limekwama kwenye kuni. Nashukuru Mungu hakuumia. Nilichomoa lile bapa nikalisogeza kwenye taa. Msuka wake, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ulikuwa mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na pale ulipokatikia palikuwa na chembechembe kubwa za kijivu kama sukari guru iliyovunjwa. Chuma kilichopashwa moto na kupozwa vizuri hakivunjiki hivyo. Kile hakikuwa M9, ile singe ya kufungwa kwenye mtutu wa bunduki, hata siku moja. Kilikuwa mfano wake uliopakwa rangi.

Tangu siku hiyo nimeshika singe nyingi, za kweli na za kuigiza, kwenye maduka ya mitumba ya jeshi na kwa marafiki wanaozikusanya, na nyingine nimezifanyisha kazi mwenyewe. Haya ndiyo ninayoyafuata. Nawaandikia hasa walio Marekani, Kanada na Ulaya, ambako vitu hivi huuzwa dukani. Aliyeko Tanzania au Kenya namwomba aache kabisa: singe ya kweli huko ni mali ya jeshi, na raia akikutwa nayo anaweza kujikuta kituoni akijieleza.

Kwanza elewa umeshika nini

Ikumbuke sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyosimama tangu 1927. Askari ameshika bunduki mbele, singe imefungwa kwenye mtutu, ncha inaelekea bandarini. Hiyo ndiyo singe. Ni ncha ya mkuki, na bunduki ndiyo fimbo yake. Zamani hawakuficha hilo. Singe ya Waingereza ya mwaka 1907 ilikuwa na bapa la sentimita 43 hivi, upanga kamili, ili bunduki na singe pamoja ziwe ndefu kama mkuki. Baadaye, kwenye Vita Kuu ya Pili, bunduki yao ya Lee-Enfield No. 4 ilipewa singe ya msumari mtupu wa sentimita 20: haina makali, haikati hata kamba ya kiatu. Kwa kazi yake ilitosha.

Wazo la singe ambayo ni kisu cha kazi pia lilishika kasi Wasovieti walipoitoa bunduki ya AKM mwaka 1959, na singe yake yenye bapa fupi la sentimita 15, msumeno mgongoni na tundu la kukatia waya. Wamarekani wakaja na M9 miaka ya 1980 kwa mtindo uleule. Kwa hiyo kila singe utakayoshika iko mahali fulani katikati ya mkuki na kisu, na unachopima ni imesogea kiasi gani upande wa kisu. Jina kubwa la jeshi halikwambii hilo. Kwanza jeshi la Marekani lenyewe liliondoa mazoezi ya kushambulia kwa singe kwenye mafunzo ya awali ya askari wake mwaka 2010.

Hatua ya 1: Andika kazi zako kwenye karatasi

Usiruke hatua hii. Andika kazi tano ulizofanya kwa kisu mara ya mwisho ulipolala nje au ulipokuwa shambani. Zangu zilikuwa hizi: kukata kamba ya hema, kuchonga vigingi vitatu, kutengeneza vipande vyembamba vya kuwashia moto, kuparua samaki, kukata vitunguu. Angalia orodha hiyo vizuri. Hakuna hata kazi moja inayodai bapa la sentimita 18. Kama yako ina kukata seng'enge, kubandua mbao za makreti au kuchimba vishimo, basi endelea kusoma kwa makini zaidi, kwa sababu hapo singe inaweza kuwa na la kusema.

Hatua ya 2: Ijue kwa jina

Unazokutana nazo mara nyingi ni chache. M7, ya mwaka 1964 kwa ajili ya bunduki ya M16 ya Wamarekani, ina bapa jembamba la sentimita 17, haina msumeno, haina kikata waya. Ni kisu cha kuchomea zaidi kuliko cha kukatia. M9 ni nzito, jumla sentimita 30, bapa nene lenye msumeno, na ala yake inashirikiana nayo kukata waya. OKC-3S ni ya Marines, kikosi cha askari wa majini wa Marekani, tangu 2003, bapa sentimita 20, ina meno ya msumeno kwenye sehemu ya makali iliyo karibu na mpini. Za AKM ziko za nchi nyingi, kwa sababu nchi nyingi rafiki wa Moscow zilitengeneza zake. L3A1 ya Waingereza ina mpini wa chuma ulio wazi ndani, kwa kuwa mpini wenyewe ndio unaovikwa kwenye mtutu.

Ziko pia za mtindo wa panga. Wahispania walitengeneza singe ya mwaka 1941 kwa ajili ya bunduki za Mauser, bapa lake limepanuka kuelekea mbele, uzito uko kule kule, na mpini ni wa mbao. Mtu aliyekulia Mufindi kama mimi, ambako kila nyumba ina panga nyuma ya mlango, akiishika ile mkono unaielewa bila kuelekezwa.

Tafuta alama za kiwanda kwenye bapa au kwenye kinga, ile sahani ya chuma inayotenganisha bapa na mpini. Alama za kweli zimegongwa au kuchongwa ndani ya chuma, zina kina ukizipitishia ukucha. Maandishi ya rangi tu, au neno "ARMY" kubwa kuliko jina la mtengenezaji, ni sababu ya kurudisha kitu mezani.

Hatua ya 3: Shika kama unayetaka kuchonga

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Dukani mtu hushika singe kama anayepigana: ngumi imefungwa, ncha mbele. Hivyo kila singe inakaa vizuri mkononi, maana ndivyo ilivyotengenezwa. Wewe igeuze ushikaji. Sogeza mkono mbele mpaka kidole cha shahada kiguse kinga, kisha weka dole gumba juu ya mgongo wa kisu kama unayetaka kumenya ncha ya fimbo.

Dole gumba litagonga pete. Singe nyingi zina pete ya mtutu kwenye kinga, upande wa juu, na imekaa palepale dole gumba linapotaka kukandamiza. Ukilirudisha nyuma ya pete, nguvu inapotea, kwa sababu makali yako mbali na mkono. Ukilipitisha mbele yake, kiganja kinakosa pa kukaa. Chonga kigingi kimoja hivyo kwa dakika tano na utaona ngozi ya dole gumba imekuwa nyekundu. Vigingi sita, utapata lengelenge. Kitako nacho, kule mwisho, kina kitufe na kibati cha kubana kwenye bunduki. Kwenye M7 mimi kilikuwa kinanikwaruza chini ya kiganja kila nilipovuta.

Wako wanaoikata pete kwa msumeno wa chuma. Kama ni singe ya kweli na ya zamani usifanye hivyo, umeiua bei yake. Kama pete inakusumbua kiasi hicho, tayari umeshapata jibu lako.

Hatua ya 4: Tazama bapa kutokea nchani

Elekeza ncha kwenye jicho (kwa umbali, tafadhali) na utazame umbo la bapa kama kabari. Mgongo wa M9 una unene wa karibu milimita 6. Kisu cha jikoni huwa na milimita 2 hivi. Sasa angalia kupungua kwa huo unene: unaanza kupungua mgongoni mpaka kwenye makali taratibu, au unabaki uleule na kukatika ghafla karibu na makali? Singe nyingi ziko kwa namna hiyo ya pili.

Kipimo cha nyumbani ni karoti. Iweke kwenye ubao, bonyeza kisu katikati yake bila kusukuma mbele wala nyuma. Kisu chembamba kinapita mpaka chini na vipande viwili vinalala palepale. Singe itaingia mpaka nusu, itasimama, halafu utasikia mlio na kipande kitaruka sakafuni. Karoti haikukatwa, imepasuliwa, na hata singe iliyonolewa ikanyoa nywele za mkono itafanya vilevile, kwa sababu kinachosukuma ni unene wa bapa. Huo huo unene ndio unaoisaidia singe kubandua mbao bila kupinda. Chuma hicho hicho hakiwezi kukupa vyote viwili.

Hatua ya 5: Makali na chuma chenyewe

Singe nyingi hutoka kiwandani butu au zikiwa na makali ya kubahatisha. Hilo lisikutishe wala kukufanya uihukumu. Chukua kalamu ya wino mzito, paka rangi kwenye pande zote mbili za makali, kisha noa mara kumi kwenye kinoo kwa pembe ya nyuzi 20 hivi. Tazama rangi imetoka wapi. Ikiwa imetoka juu tu, mbali na ukingo, ujue makali yana mabega manene na una kazi ya saa nzima mbele yako. Ikiwa imetoka mpaka ukingoni, dakika kumi na tano zinatosha.

Kisha jaribu ugumu kwa tupa ndogo, mahali pasipoonekana karibu na kinga. Tupa ikiteleza kama inayopita juu ya kioo, chuma ni kigumu sana. Ikiuma na kuacha unga mwingi kama inayokula msumari wa nchi nne, ni laini mno, na hapo una pambo la ukutani. Singe nzuri iko katikati: tupa inashika kidogo, inakataa kidogo. Wataalamu hupima ugumu kwa kipimo cha Rockwell. Kisu kizuri cha jikoni huwa kati ya 56 na 60, na singe mara nyingi huwekwa chini ya hapo kwa makusudi. Bapa lililoko mwisho wa bunduki, na mwili mzima wa askari nyuma yake, ni afadhali lipinde kuliko livunjike. Kwako wewe maana yake ni kwamba makali yatakimbia mapema, ila kinoo kitayarudisha kwa urahisi. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, lakini kwa singe jiandae kunoa kabla ya kila nyama.

Uliza pia ni chuma cha aina gani. OKC-3S ni chuma cha kaboni, kinashika makali vizuri na kinashika kutu vizuri vilevile. M9 ni chuma kisichoshika kutu kirahisi, na makali yake ni ya wastani. Kama unavua samaki au unaishi karibu na maji ya chumvi, hili lina uzito kuliko urefu wa bapa.

Hatua ya 6: Msuka

Nilianza na msuka uliokatika, sasa turudi kwake. Kisu cha kazi nzito kinatakiwa kiwe na msuka mpana unaofika mwisho wa mpini. Singe ina tatizo: kitako chake kina mtambo wa kubania, kwa hiyo nafasi ya msuka hubanwa. M7 ina msuka bapa, na vipande viwili vya plastiki vimefungwa kwa skrubu pande zote mbili. Fungua skrubu hizo ujionee kwa macho. M9 ina fimbo ya chuma ndani ya mpini wa nailoni, imefungwa na skrubu kutokea kitakoni.

Shika bapa kwa kitambaa kinene, gonga kitako taratibu kwenye ubao na usikilize. Mlio mmoja mkavu ni mzuri. Ukisikia mchakacho, kitu kimelegea ndani. Kaza skrubu, gonga tena. Mchakacho ukirudi, usiitumie kwa nguvu.

Na singe yoyote, ya kweli au ya kuigiza, usiipasulie kuni kwa kugonga mgongo wake na gogo. Mpwa wangu aliona video, akafanya. Kuni hupasuliwa kwa shoka, au kwa panga kama nyumbani.

Hatua ya 7: Msumeno wa mgongoni

Hii ni fupi. Tafuta tawi kavu, unene wa mpini wa jembe. Kata kwa meno ya singe ukihesabu mivuto, kisha kata jingine kama hilo kwa msumeno mdogo wa kukunja wa bustanini. Mimi niliacha kuhesabu nilipofika themanini na tawi bado lilikuwa linanitazama. Msumeno wa bustani ulimaliza kwa kumi na moja. Meno ya singe ni mafupi na bapa ni nene, kwa hiyo linakwama kwenye mfereji wake lenyewe. Isitoshe, meno hayo yanakuharamishia kuweka dole gumba mgongoni.

Hatua ya 8: Ala na waya

Hapa singe za AKM na M9 zina kitu ambacho kisu cha kawaida hakina, na nakiri nakipenda. Bapa lina tundu, ala ina kijiti cha chuma mwishoni. Unavika tundu kwenye kijiti, bapa na ala vinakuwa mkasi, unaweka waya katikati na kubana kwa mikono miwili. Jaribu kwa waya wa kufungia nondo, halafu kwa kipande cha seng'enge. Singe ya AKM niliyoijaribu ilikata seng'enge kwa mbano mmoja, mlio ukasikika mpaka uani kwa jirani. Ya kuigiza ilipinda kijiti chake kwenye waya wa pili.

Vaa miwani, maana kipande cha seng'enge kikikatika kinaruka. Utasikia pia kwamba ala na mpini wa AKM vinazuia umeme. Vilitengenezwa hivyo, ni kweli, lakini plastiki na mpira wa miaka hamsini una nyufa usizoziona. Usijaribu kamwe kwenye waya wenye umeme.

Ala yenyewe ipindue kichwa chini: kisu kisitoke. Itikise: kisigongegonge. Chungulia kama ina tundu la kutolea maji chini. Chomeka na kuchomoa mara ishirini kisha pima makali kwa karatasi. Ala mbaya hula makali.

Hatua ya 9: Siku moja ya kazi

Ukishaipitisha kote huko, ichukue siku nzima pamoja na kisu kimoja cha kawaida. Mimi hutumia kisu cha Mora cha Uswidi, bapa la sentimita 10, bei yake ni kama chakula cha mchana cha watu wawili. Fanya kila kazi ya kwenye orodha yako kwa vyote viwili, moja baada ya nyingine. Usijilazimishe. Jioni jiulize mkono ulikuwa unakwenda kuchukua kipi bila kuamrishwa.

Wangu ulikwenda kwa Mora mara zote isipokuwa mbili: kukata waya, na kubandua mbao za kreti lililopigiliwa misumari. Singe ya Kihispania ya panga, niliyoazimwa na rafiki, ilishinda kwenye kufyeka vichaka na kuchonga ncha za vigingi vinene, lakini kwa bei yake ungepata mapanga matano.

Sheria na safari

Kabla ya kutoka nayo nje, soma sheria ya mahali ulipo. Uingereza hairuhusu kutembea hadharani na kisu cha namna hii bila sababu ya msingi. Ujerumani inakataza kubeba hadharani kisu kisichokunja chenye bapa la zaidi ya sentimita 12 bila sababu inayokubalika, na karibu singe zote zimepita hapo. Marekani kila jimbo lina yake, na miji mingine ina ya kwake juu ya hiyo. Kwenye ndege haiingii katika mzigo wa mkononi. Na kuipeleka nyumbani kama zawadi, nilishasema.

Mpwa wangu siku hizi ana singe ya zamani ya AKM aliyoipima mwenyewe hatua kwa hatua mbele yangu, na kisu kidogo cha bei nafuu kiunoni. Ile ya AKM hukaa kwenye kisanduku cha gari kwa ajili ya seng'enge za shamba la rafiki yake. Kila tukirudi anaiosha, anaikausha mpaka ndani ya tundu, anaipaka tone la mafuta ya cherehani na kuiviringisha kwenye kitambaa. Haihifadhi ndani ya ala, kwa sababu ala hushika unyevu, na kutu huanzia pale usipopaona.